Gari Lililokaguliwa kwa Masikio

Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, siendi gereji, na mke wangu ameshanichoka kama vile ni mwaka wa thelathini. Nimekaza kila nati ndani ya nyumba hii. Milango hailii, bomba halidondoki, na juzi alinikuta nimeifumua mashine ya kufulia ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. "Baba Zuhura," akaniambia, "si vijana wa gereji walikuomba uwaandikie mambo ya kazi? Kaa uandike, kabla hujafika kwenye friji." Basi nimekaa. Friji imenusurika.

Sitawachosha na vyeo. Kwenye gereji yetu cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na mshahara mwulizeni mke wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa anauona. Naanza na siku ya kwanza.

Niliingia Toronto mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na miaka kumi ya ufundi wa malori kule Tabora, na kiburi cha miaka arobaini. Nilipewa kazi na Bwana Shamsu, Mwismailia aliyezaliwa Mwanza, ambaye gereji yake ilikuwa jirani na Thorncliffe Park, nyuma ya duka la mazulia. Baba yake aliuza vipuri Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Siku ya kwanza nilipomwamkia, alinijibu kwa salamu ndefu ya Kisukuma mpaka nikabaki namkodolea macho kama mgeni kwetu.

Akanipa gari lenye kelele kwenye breki. Nililifanya kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa bado anatafuta jeki. Magurudumu yalifunguka yenyewe kwa hofu. Vitambaa vya breki vilikuwa vimekwisha, nikavitupa, nikatia vipya, nikafuta mikono. Mwenye gari akaja, mzungu mmoja mpole, akauliza kulikuwa na tatizo gani. Nikamwambia. Akasema, "Nionyeshe vile vya zamani." Vya zamani vilikuwa vimeondoka na gari la taka saa moja iliyopita. Yule bwana akatabasamu, akasema breki zake hazikuwa na kitu, akaondoka bila kulipa. Na sisi tukabaki tunapunga mkono.

Bwana Shamsu hakugomba. Alitoa kalamu mfukoni mwa koti lake la kazi akanipa. "Fundi, nyumbani mteja anaamini mkono wako. Hapa anaamini karatasi. Kabla hujagusa, andika. Kabla hujatoa, piga picha. Ukishatengeneza umefuta ushahidi."

Nilicheka moyoni. Fundi gani anaanza kazi kwa kalamu? Mlionikuta pale mnajua nilivyokuja kuwa msumbufu kwa habari ya kuandika. Wengine mliniita karani. Sasa mnajua nilikotoka.

Kitu cha pili alichonifundisha ni chumvi. Sisi tuliotoka kwetu tunajua gari linauawa na mashimo, matope, na kupakiwa ng'ombe wanne mahali pa wawili. Hatujui gari linaloliwa. Hapa wanamwaga chumvi barabarani msimu wote wa baridi ili barafu iyeyuke, na ile chumvi inapanda chini ya gari inatafuna bati, pole pole, kimya kimya, huku juu rangi inang'aa kama ya bwana harusi. Injini inaweza kuwa nzima kabisa inaimba, na sakafu imebaki kwa imani.

Kwa ugonjwa huo alikuwa na zana tatu. Tochi. Nyundo ndogo ya kugongea, maana bati zima linalia "ting" na bati bovu linasema "dup" kama boga lililooza. Na sumaku, iliyovishwa soksi ya mtoto isikwaruze rangi. Unaipitisha ubavuni mwa gari. Penye bati inang'ang'ania, penye puti, ule udongo wa kuzibia matundu kabla ya rangi, inadondoka. Ile sumaku iliwaaibisha madalali wengi kuliko polisi wote wa Ontario. Bwana Shamsu alipostaafu alinipa nyundo na tochi. Sumaku alikwenda nayo nyumbani, nadhani anakagulia sufuria.

Wakati huohuo nikasoma shule ya jioni, misimu miwili ya baridi, ili nipate leseni ya ufundi. Lile darasa lilikuwa na baridi ambayo hata chaki ilikuwa inakohoa. Nilihitimu nikiwa wa tatu. Tuliofika mwisho tulikuwa wanne, lakini hilo haliandikwi kwenye cheti.

Sasa nifike kwa Mama Neema, kwa sababu habari yake ndiyo mnayoniuliza kila mkikaa kunywa chai.

Mama Neema alikuwa Mkongomani wa Bukavu, anakaa Lawrence Heights na binti yake. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao moja mbali kaskazini, mahali ambapo zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na basi la kwanza linafika kama saa moja hivi, likipenda. Msimamizi wake alikuwa amemwambia waziwazi: ukichelewa tena, zamu anapewa mwingine. Kwa hiyo akakusanya akiba yake yote akaenda kununua gari.

Hakwenda peke yake. Mwanamke wa kanisani hawezi kwenda kununua gari peke yake kama anayenunua nyanya. Alikwenda na ujumbe, wanaume sita wa heshima, wamevaa suti, kama watu wanaopeleka posa. Kiongozi wao alikuwa Papa Bahati, mzee aliyeendesha lori kati ya Bukavu na Kisangani kwa miaka thelathini, na kwa jinsi alivyokuwa anaisimulia ile njia, ungedhani aliichimba mwenyewe kwa kijiko.

Ule ukaguzi niliusikia kwa watu tofauti na wote wanakubaliana. Papa Bahati aliamuru injini iwashwe. Akafumba macho. Akainamisha sikio juu ya boneti, kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Akainua kidole, mwenye kuuza akakanyaga mafuta. Akashusha kidole, akaachia. Kisha akaenda nyuma, akanusa moshi, akapiga teke tairi moja moja, akarudi mbele akasema, "Iko inapumua muzuri. Tulipe." Wakamshukuru Mungu, wakapeana mikono na muuzaji, na Jumapili yake gari likaombewa mbele ya kanisa lote.

Wiki tatu baadaye Mama Neema aliingia gereji akiendesha steshen wagon ya buluu, nzuri, inang'aa, na miguuni amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu.

"Fundi," akasema, "iko maji inaingia ku miguu yangu. Nikipita ku theluji, theluji nayo inapanda."

Nikalipandisha kwenye lifti. Chini kulikuwa kweusi, kumepakwa lami nzito, mpya, bado inanuka. Nikagonga kwa nyundo. Haikulia "ting," haikulia "dup." Nyundo ilipita ikaenda zake. Nikabaki nimeshika mpini, kichwa cha nyundo kiko ndani ya gari kinatazama usukani. Tulipokwangua ile lami tukakuta vipande vya bati la debe vimebandikwa kwa gundi, na fremu ya upande wa dereva imeliwa mpaka ikabaki nyembamba kama karatasi ya sambusa. Kiti cha Mama Neema kilikuwa kimeshikiliwa na zulia. Ndiyo, zulia. Tuta moja la nguvu barabarani na yule mama angefika kazini akikimbia kwa miguu yake ndani ya gari.

Na hapa ndipo nilipotaka kuharibu. Nilimhurumia. Alikuwa amekaa kwenye kibenchi chetu, mkoba mapajani, haulizi chochote, anatazama mikono yangu tu. Nikajisemea, hili nitalichomelea mwenyewe, nitamaliza leo, hatadaiwa hata senti. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mashine ya kuchomelea. Bwana Shamsu akakohoa.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsaidia mama wa watu, Bwana Shamsu."

"Ukimsaidia hivyo utakuwa umemsaidia aliyemuuzia."

Nikarudisha mashine. Tukaandika. Kurasa nne, kila tundu na kipimo chake, kila kiraka na mahali pake, na kwenye picha tukaweka rula pembeni ili tundu lijulikane ukubwa. Mama Neema akauliza swali moja tu: "Sasa kazini nitaenda na nini?" Hakuna ukurasa wa kujibu hilo.

Tukaenda naye kwa muuzaji. Kiwanja chake kilikuwa na vibendera vingi, na mwenyewe mtu wa bashasha, anakukaribisha kahawa kabla hujashuka. Tukamwonyesha picha. Akazitazama kwa masikitiko makubwa, kama picha za msiba wa jirani, kisha akafungua droo akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa cheti cha usalama, kile kinachotolewa na fundi kwamba gari linafaa barabarani, na fundi wake alikuwa amekitia sahihi. Ya pili ilikuwa fomu ya mauzo. Chini yake kulikuwa na mstari: gari limekaguliwa na mtaalamu wa mnunuzi, akaridhika nalo. Na juu ya mstari, sahihi ya Papa Bahati, kubwa, yenye mikia mitatu, na pembeni yake kwa mkono wake ameongeza neno la Kifaransa lenye maana ya mtaalamu, akalipigia na mstari.

"Huyu bibi alikuja na wataalamu sita," yule muuzaji akasema. "Mimi nani nibishane na wataalamu sita?"

Tukaandika barua, akajibu kwa barua. Tukaandika nyingine, hakujibu. Ikabidi Mama Neema afungue kesi kwenye mahakama ya madai madogo. Hapo katikati tukawa tunampeleka kazini kwa zamu, wale wa kanisa wenye magari na mimi. Jumanne ilikuwa yangu. Lakini zamu ya watu wengi ina matundu kuliko lile gari. Siku moja mmoja alilala, mama akafika amechelewa nusu saa, akapewa barua ya onyo. Ya mwisho, iliandikwa hivyo. Alinionyesha ndani ya gari langu, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba. "Fundi, nikipoteza kazi hii, na ile motokari imekufa, nitaambia Neema nini? Mimi njo baba, mimi njo mama."

Nikaenda kumwona Papa Bahati. Mkewe akatutilia chai, akatuacha. Nikamwambia, "Papa, kesi ni wiki ijayo. Nieleze ukweli. Siku ile ulitazama chini ya gari?"

"Nililala chini," akasema. "Nikaangalia yote. Ilikuwa muzuri. Huyo alibadilisha nyuma yetu."

Niliitazama suti yake iliyoning'inia mlangoni, ile ya kahawia ya Jumapili. Isingewezekana suti ile iwe imewahi kulala chini hata kwenye kitanda.

"Papa, ukisema hivyo mbele ya jaji, Mama Neema anashindwa. Fomu inasema mtaalamu alikagua akaridhika. Wewe nawe unathibitisha kwamba kweli ulikagua, tena mpaka chini. Kesi imekwisha."

Akaweka kikombe. "Miaka makumi tatu niliendesha kamio. Mu mvua, mu vita, mu pori. Niliivusha mito haina daraja. Leo unataka nisimame mbele ya kanisa yote na mbele ya wazungu niseme Bahati hajui motokari?"

"Mimi pia sikujua za hapa, Papa. Nilifundishwa."

"Wewe ulifundishwa ndani ya gereji. Mimi unataka nifundishwe ndani ya tribinali."

Niliondoka nikijua nimeshindwa, na chai ilikuwa nzuri, jambo lililonikera zaidi.

Siku ya kesi kanisa lilihamia mahakamani. Chumba kilijaa suti na vitenge mpaka karani akauliza kama kuna harusi. Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani puani, hana haraka. Mkalimani alikuwa dada wa Kikenya, hodari, ingawa Kiswahili cha Bukavu kilimtoa jasho mara mbili tatu. Nilitoa ushahidi wangu kwa ile ripoti ya kurasa nne, nikasoma vipimo kama vilivyo. Mke wangu alikuwepo. Anasema ni siku pekee maishani sikutia chumvi. Muuzaji akasimama, akaeleza kwa upole kwamba kutu inaingia wakati wowote, na kwamba wataalamu wa huyu bibi walilikagua, na sahihi ndiyo hii.

Jaji akamwita Papa Bahati. Akasogea mbele, wima, akaapa. Jaji akamwonyesha fomu.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Ulikagua gari?"

"Ndiyo."

"Na chini yake?"

Papa Bahati aligeuka akalitazama kanisa lake, benchi moja baada ya jingine, mpaka akafika kwa Mama Neema. Mama Neema hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamia mkoba wake, ameushika kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya basi lenye watu wengi.

"Hapana," akasema Papa Bahati.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu mimi niliisikiliza tu. Kwetu motokari inakufa ku injini. Sikujua kuna nchi motokari inakufa ku tumbo." Akavuta pumzi. "Na kuna neno ingine. Nilimwuliza huyu bwana, chini iko namna gani? Akanionyesha ile cheti. Akasema, chini fundi wetu alishaangalia, wewe mzee sikiliza injini. Nikafanya vile aliniambia. Halafu akanipa kalamu, akaniita mtaalamu, nikafurahi. Nikaandika mtaalamu." Sauti ikashuka. "Miezi yote hii niliambia watu nililala chini. Sikulala. Huyu mama analia kwa sababu yangu."

Mkalimani alitafsiri mpaka mwisho, na mwishoni alifuta pua. Jaji akawauliza wale wazee watano, mmoja mmoja, wengine wakisubiri nje ya chumba, kama walisikia muuzaji akisema hivyo. Wote watano walisikia. Kila mmoja alikumbuka mpaka alivyokigonga kile cheti kwa kidole. Hii ndiyo faida ya kwenda kununua gari kama mnapeleka posa: uwezekano wa kudanganywa uko palepale, lakini uongo unakuwa na mashahidi sita waliovaa suti.

Jaji alisema mtu hawezi kumwambia mnunuzi asitazame chini, kisha akamlaumu kwa kutotazama chini; na kwamba matundu yale hayawezi kuota ndani ya wiki tatu, kwa hiyo kile cheti hakikusema kweli. Muuzaji achukue gari lake, arudishe bei yote aliyolipwa. Mkalimani akatafsiri, kisha vigelegele ambavyo nadhani vilifika Montreal. Karani akapiga meza. Jaji akamwambia awaache.

Nje, Papa Bahati alisimama peke yake karibu na ngazi. Nikamwona Mama Neema anamfuata. Hakumkumbatia wala hakumwambia asante. Alimwambia, "Papa, unirudishe nyumbani, miguu inauma," akampa mkoba wake abebe. Mzee yule akaubeba mkoba wa kike mpaka kituo cha basi kama amebeba Biblia ya madhabahuni.

Hundi ilichelewa, ikahitaji barua nyingine mbili, lakini ilifika, na ile zamu ya saa kumi na mbili Mama Neema aliishika. Alifanya kazi katika nyumba ile mpaka baadhi ya wale wazee aliowahudumia wakawa wadogo kwake, kama mnaniamini.

Wiki ile ile ya hundi, akaniomba niende naye kununua gari jingine. Nikavaa koti, nikachukua tochi na nyundo, nikafika nikidhani tutakuwa wawili. Ujumbe mzima ulikuwa umeshatangulia. Suti sita, kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka. Papa Bahati alikuwa amebeba kwapani boksi kubwa la televisheni lililofunguliwa likawa bapa.

Muuzaji wa safari hii, kijana mchangamfu, akawasha injini ya gari la kwanza. Ilikuwa inanguruma vizuri mno. Hata mimi nilianza kuipenda. Papa Bahati hakuisikiliza. Alitandika lile boksi kwenye maji ya theluji, akavua kofia akampa jirani yake, akalala chali na ile suti ya kahawia, akajisukuma kwa visigino mpaka zikabaki soli za viatu. Yule kijana akakimbia, "Bwana, uko salama? Bwana!" Wale watano wakamwekea mikono kifuani kwa adabu, asisogee.

"Fundi," sauti ikatoka chini, "leta tochi na ile nyundo."

Nikampa. Tukasikia ting. Ting. Ting. Tukasubiri. Dup.

Soli zikasogea, mgongo ukatoka umelowa mpaka kwenye kola, na Papa Bahati akasimama akajikung'uta. Akamwendea yule kijana, akamshika mkono kwa heshima zote.

"Injini iko muzuri sana," akamwambia. Akakunja boksi lake. "Mama Neema, twende kwingine."